Futa Diski na Sakinisha

Kazini wananiita Bwana Koma. Mimi ni msahihishaji katika kiwanda kidogo cha uchapaji. Kila kinachokwenda mashineni, kuanzia kadi za harusi hadi vitabu vya shule, lazima kipite kwangu nikipake wino mwekundu. Jina hilo walinipa kwa ajili ya kile kialama cha kupumzikia katikati ya sentensi, ambacho nakipenda kuliko wanavyokipenda wao. Lakini watu wana ulimi. Koma pia ni acha, na kila nikiingia chumba cha mitambo na karatasi zangu utasikia sauti kutoka nyuma ya mashine, "Koma, Koma!" halafu kicheko. Nilikuwa nacheka nao. Nilidhani wananitania kwa sababu wananiheshimu.

Haya ninayoyasimulia yananitia aibu mpaka leo, na sitajitetea. Mkiona mahali nimeanza kujitetea, pigeni mstari.

Nyumbani tuna kompyuta moja ya mezani, inakaa kwenye kona ya sebule chini ya kalenda. Mimi naitumia kusoma habari na kubishana na watu nisiowajua kuhusu ngeli. Mke wangu alikuwa anaitumia kuandika. Yeye ni mkunga, mwaka wa ishirini na mbili wodini, na kwa miaka tisa alikuwa anaandika kitabu cha wakunga wanaoanza kazi: ufanye nini mtoto akitanguliza miguu, ufanye nini umeme ukikatika mama yuko mezani, na mambo ambayo vitabu vya chuo havisemi, kama vile namna ya kutoka nje kumwambia baba. Chuo cha wakunga kilikuwa kimeuomba muswada mzima ufike mwisho wa mwezi, na kama wangeupenda wangeutumia kufundishia. Muswada huo ulikuwa ndani ya ile mashine, na nakala nyingine haikuwepo popote. Mimi sikuwa nimeusoma, na wala sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Mashine yenyewe ilikuwa imechoka. Unaiwasha, unaenda kuoga, unarudi, unaikuta bado inajikuna. Kila siku inatoa tangazo kwamba mfumo wake umepitwa na wakati na tununue mwingine. Mke wangu si mtu wa kulalamika. Alisema tu siku moja kwamba herufi zinachelewa kumfikia, anaandika neno halafu anangoja kulisoma. Nikaona hapa ndipo pa kumfanyia jambo. Kabla hajapeleka muswada, nimpe mashine inayokimbia. Na nisimwambie, ili ashtuke.

Kiwandani tuna fundi wa mitambo, dada mmoja wa vidole vyeusi kwa grisi, ambaye alizihamisha kompyuta zetu zote kwenye mfumo huria. Mimi na yeye tuna historia. Mwaka jana alibandika tangazo kwenye mashine ya kukatia karatasi: USIGUZE. Nikapita na kalamu yangu, nikaikata ile Z nikaweka S. Hakuling'oa. Kesho yake nilikuta ameongeza mstari chini: Ahsante Koma, vidole vyote vimepona.

"Mfumo ni bure, kaka," aliniambia alipokuwa ananipa flashi.

"Cha bure si ndiyo bure?" nikamtania.

"Utaona mwenyewe. Ila nisikilize. Kwanza nakili vitu vyenu vyote mahali pengine. Pili, utafika mahali itakuuliza pa kuuweka mfumo. Hapo soma taratibu. Ukikwama nipigie, nitakuja."

"Dada, kusoma ndiyo kazi yangu." Nililisema kwa sauti, ili wenzetu wasikie. Wakasikia.

Sikunakili kitu. Kunakili kungenilazimu kumuuliza mke wangu vitu vyake viko wapi, na siri yangu ingetoka. Hayo ndiyo niliyojiambia.

Jumamosi asubuhi mke wangu alipotoka kwenda zamu, nilichomeka flashi, nikawasha. Kitu cha kwanza ilichoniuliza ni lugha. Nikashuka kwenye orodha ndefu mpaka nikaikuta: Kiswahili. Lo, nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini! Furaha haikufika mbali. Aliyetafsiri yale maelekezo, Mungu amsamehe, alikuwa ameyakoroga. Nikachukua karatasi na kalamu nyekundu, nikawa napitia ukurasa baada ya ukurasa nikiorodhesha makosa, kwa nia ya kuwatumia wahusika barua ya kuwapa somo. Nilikuwa nafurahia kazi yangu kweli kweli. Nusu saa ilipita sijui imepitaje.

Ukurasa wa sita ulikuwa na machaguo mawili. La kwanza: Weka mfumo kando ya uliopo. La pili: Futa diski na sakinisha mfumo. Nikayasoma yote mawili, mara mbili. Kosa likaniruka machoni. Husemi "futa na sakinisha". Kitenzi cha pili kinadai u-: futa diski na usakinishe. Nikaliandika, namba kumi na nne, nikalipigia mstari. Na huko kufuta kwenyewe? Hakukunishtua. Mimi nafuta meza, nafuta miwani, nafuta vumbi kwenye mashine hiyo hiyo kila wiki. Nikasema haya, ifutwe, ina uchafu wa miaka kumi. Nikabonyeza.

Likaja onyo, tena kwa herufi nyekundu, rangi yangu mwenyewe: Mabadaliko haya hayawezi kurudishwa. Endelea?

Mabadaliko! Nikacheka peke yangu sebuleni. Namba kumi na tano: si mabadaliko, ni mabadiliko. Nikabonyeza Endelea.

Miaka thelathini ya kusoma, jamani. Herufi niliiona, msiba sikuuona.

Saa sita mchana kazi ilikuwa imekwisha. Mashine iliwaka kufumba na kufumbua, na picha ya milima ikatokea, safi kabisa. Nikapiga mluzi. Nikafungua kabrasha la Nyaraka ili nione kitabu cha mke wangu kinavyofunguka haraka. Palikuwa na maneno manne tu: Kabrasha hili halina kitu. Nikayakodolea macho. Sentensi hiyo haikuwa na kosa hata moja.

Nilitafuta kila mahali. Nilizima, nikawasha, nikatafuta tena kulekule. Halafu nikaichukua karatasi yangu ya makosa, nikasoma namba kumi na nne pole pole, na safari hii nikaielewa. Kumpigia fundi sikuthubutu. Ningemwambia nini? Kwamba mtu ambaye kusoma ndiyo kazi yake ameshindwa kusoma neno "futa"?

Jioni mke wangu alirudi, akavua viatu mlangoni, akaitazama mashine.

"Mbona imebadilika sura?"

"Nimeiwekea mfumo mpya. Inakimbia kama nini."

"Ee, mume wangu!" Akanishika bega. "Na kitabu changu?"

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi ya kusema. Nafasi yenyewe ilikuwa pana, mtu angeweza kupita na mkokoteni. Nikasema, "Kipo. Ila bado hakijafunguka, kuna matatizo madogo madogo. Nipe siku mbili."

"Chukua hata nne. Na wewe usijichoshe," akasema, akaenda kuoga.

Basi nikaanza kutatua matatizo madogo madogo, maana yalikuwepo kweli, na niliyapokea kwa mikono miwili. Waifai haikushika. Printa haikutambuliwa. Spika zilikuwa bubu. Nikajiunga kwa simu na jukwaa moja la watumiaji wa mfumo huria kwa jina la Mgeni Kabisa, nikauliza kuhusu waifai. Hazikupita dakika kumi, mtu anayejiita Kiraka akanijibu kwa upole, hatua kwa hatua: unganisha simu kwa waya, fungua dirisha jeusi la kuandikia amri, andika hivi, kisha weka neno la siri.

Nikaandika neno la siri. Hakikutokea kitu. Si herufi, si nyota, si nukta. Nikabonyeza kwa nguvu. Nikaigeuza kibodi nikaipigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Nikaazima kibodi ya jirani, nayo ikawa vilevile. Nikarudi jukwaani: "Neno la siri halionekani ninapoliandika, je, kibodi imekufa, au ni mimi?"

Kiraka akajibu: "Kibodi nzima, na wewe mzima. Hapo maneno yanaandikwa bila kuonekana. Andika tu mpaka mwisho."

Nikaandika mpaka mwisho, na waifai ikashika. Nilishangilia! Nikaambiwa nipakue masasisho, nikapakua. Siku ya pili printa. Siku ya tatu sauti, na ili kuipima nikapakua filamu nzima ya saa mbili. Kila tatizo likitatuka nilipata raha ya muda mfupi, kisha nikatafuta lingine. Mambo yote niliyouliza kwenye jukwaa lile yalikuwa ya kweli, na yote nilikuwa najificha nyuma yake. Swali moja lililokuwa na maana sikuliuliza.

Jumatano alikuja shemeji yangu, dada wa mke wangu. Alinikuta nimeinamia kioo.

"Shemeji siku hizi fundi," akasema.

"Usimsumbue," mke wangu akamwambia kutoka jikoni. "Ananitengenezea kitabu changu kisipotee. Wanaume wangapi wanaweza kukaa siku nne hapo kwa ajili ya kazi ya mke?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Niliendelea kubonyeza vitufe, na hata sasa siwezi kuwaambia nilikuwa nabonyeza nini.

Ijumaa asubuhi, akiwa anafunga saa yake ya kazini, mke wangu alisema, "Kesho sina zamu. Nataka nipitie sura ya mwisho. Hata kama waifai haijakaa sawa, si hoja." Sikuwa na tatizo dogo lililobaki. Yote nilikuwa nimeyamaliza.

Saa ya chakula cha mchana, wenzangu walipotoka, nilikaa mezani kwangu na simu, nikaandika: "Nilifuta diski bila kunakili, kuna kitabu cha mtu ndani yake, je, kinaweza kurudi?"

Jibu lilikuja mara moja. "Mashine imezimwa?"

"Imezimwa, mimi niko kazini."

"Isiwashwe tena. Niletee."

"Nikuletee wapi? Sikujui."

"Chumba cha mitambo, kaka Koma. Au ningoje hapo hapo, nakuja."

Fundi aliingia akifuta mikono kwa kitambaa. Sikuweza kumtazama usoni. Nilitazama kile kitambaa.

"Nani mwingine duniani anayeweka koma tatu kwenye swali la waifai?" akasema. "Nilikujua siku ya kwanza. Nikanyamaza nisije nikakuaibisha. Nikasema mwache ajifunze. Lakini hili hukulisema."

"Sikulisema."

"Tangu Jumamosi umepakua masasisho?"

"Mara nne. Na filamu."

"Filamu ya nini tena, kaka?"

"Kupima sauti."

Akaketi juu ya kona ya meza yangu. "Kufuta si kufuta," akasema. "Mashine ikifuta haiondoi maneno. Inaandika tu kwamba hapa pako wazi. Maneno ya wifi yalikuwa palepale Jumamosi nzima. Kinachoua ni kuandika kitu kingine juu yake. Ungenipigia siku ile ile, karibu yote tungeyapata."

Tuliomba ruhusa, tukaenda kuichukua mashine. Alasiri nzima fundi aliichokonoa, na karibu na saa ya kufunga akanipa flashi yake. "Kuna vipande zaidi ya elfu tatu. Havina majina wala mpangilio, na vingi ni takataka. Anayejua mwandiko wake ndiye atakayevitambua."

Anayejua mwandiko wake. Nilikaa peke yangu kwenye chumba cha wasahihishaji, jua la jioni likiingia dirishani, nikaanza kufungua kimoja kimoja. Tangazo la kununua mfumo. Nusu ya barua yangu kuhusu ngeli. Risiti. Kisha mstari mmoja: "umshike mkono kwanza, ndipo umwambie". Ndiye. Nikaendelea. Nilipata ukurasa hapa, nusu ukurasa pale, orodha ya vifaa iliyokatika katikati. Halafu nikafungua kipande kilichokuwa na kichwa: Shukrani.

Aliwashukuru wakunga waliomfundisha, mmoja mmoja. Kisha:

"Msomaji akiona makosa ya lugha anisamehe, maana mume wangu ni msahihishaji ila hajakisoma. Mwaka nilioanza nilimpa kurasa tatu, za yule mtoto aliyezaliwa amejinyonga na kitovu siku umeme ulikatika. Akanirudishia zimejaa wino mwekundu. Akasema wazo zuri. Hakuuliza kama mtoto alipona. Toka hapo naandika akiwa kazini, na sichapi kitu nyumbani, na sihifadhi pengine asije akakiona. Nikimaliza nitawapa chuo wasahihishe wao."

Nilisoma mara mbili, kama kawaida yangu. Nilizikumbuka zile kurasa. Nilikumbuka kwamba aliandika "toka" badala ya "tangu" mara saba. Mtoto simkumbuki kabisa. Nilijiona mtu mdogo, mdogo sana, na nililia pale mezani mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nimepata msiba.

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa amesimama mbele ya kona ya sebule, anatazama mahali mashine ilipokuwa. Sikungoja aulize. Nilimwambia yote, kuanzia namba kumi na nne. Nilisimama nikisema, kama mwanafunzi.

"Kimebaki kiasi gani?" akauliza.

"Kurasa thelathini na moja."

Kilikuwa na mia mbili na kumi. Alikaa kwenye kiti. "Na wewe umejua tangu lini?"

"Jumamosi. Saa sita."

"Saa sita," akarudia. "Wodini tunawaambia mficha uchi hazai. Mtu analetwa siku ya tatu, mtoto ameshachoka tumboni, kwa sababu siku ya kwanza aliona aibu. Huwa nawaonea huruma. Wewe nashindwa." Hakupaza sauti. "Kukosea, kila mtu anakosea. Lakini siku sita nakusifu kwa dada yangu, na wewe umekaa unanisikiliza."

"Nimekoma," nikasema.

"Hujakoma. Utakoma."

Halafu nikamwambia kilichobaki, maana nilikuwa nimechoka kubakiza. "Nimesoma zile shukrani."

Akageuza uso. "Hazikuwa zako za kusoma."

"Najua." Nikauliza, "Yule mtoto alipona?"

Alinitazama muda mrefu, kama anayetafuta mahali pa kunipiga. Kisha akainuka, akaingia chumbani na kufunga mlango. Mimi nililala kwenye kochi.

Asubuhi nilimkuta amekaa mezani na rundo la karatasi tupu, amevaa miwani yake.

"Futa meza," akasema.

Nikaifuta.

"Kaa. Chukua kalamu. Si hiyo." Nikairudisha ile nyekundu mfukoni, nikachukua ya bluu. "Vidole vyangu vimechoka na kitabu hiki, kwa hiyo utaandika wewe. Nitasema kama ninavyosema. Ukinikatiza mara moja tu, nainuka, na hapa hukai tena."

Msidhani nimesamehewa. Barua ya kuomba nyongeza ya miezi mitatu imekwenda chuoni na bado hawajajibu, na shemeji yangu hanipokelei simu. Lakini asubuhi ile alianza. Alianza na siku umeme ulipokatika. Alisema "toka" nami nikaandika toka. Alisema taa ya simu ilishikwa na mfagiaji, alisema kitovu kilizunguka mara mbili, alisema mtoto alitoka wa buluu na kimya, na akakata kile kitovu, na akamgeuza, na akampulizia, na hakulia. Nilikuwa naandika nimeshika pumzi. Akanywa maji, akaitazama karatasi kwa juu ya miwani.

"Nimekosea wapi mpaka hapo?"

"Sijui," nikamwambia. "Nangoja mtoto alie."